Mdogo wangu kapooza miguu baada ya kudondoka mnazi, tumtunzeje nyumbani asipate vidonda?

DadaMkuu_Mkuranga

Habari za saa hizi wadau, naombeni msaada wenu wa mawazo maana huku ndani tumebaki tunaangaliana tu.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26, kazi yake ilikuwa kukwea minazi huku kwetu Mkuranga, mwezi wa tatu alidondoka akavunjika pingili ya uti wa mgongo, kwenye karatasi wameandika pingili ya 12 ya kifuani. Akafanyiwa upasuaji akalazwa, sasa hivi yuko nyumbani wiki ya tano. Kuanzia kiunoni kushuka chini hahisi kitu na miguu haiendi. Mkojo unatoka kwa mpira anaokaa nao muda wote na mfuko wake.

Siku tunaruhusiwa tulipewa dawa na tarehe ya kurudi, na kuhusu kulala tukaambiwa "muwe mnamgeuza geuza" basi. Hakuna aliyetuonyesha anageuzwaje wala mara ngapi. Sasa juzi namuogesha nikaona juu ya makalio, pale kwenye mfupa wa mwisho wa mgongo, pana alama nyeusi inang'aa, ukubwa kama kizibo cha soda. Haijachubuka na yeye hasikii chochote. Jirani anasema tumwagie unga wa rangi mbili (zile kapsuli za antibayotiki), mwingine anasema spiriti, mama yeye kila jioni anapasugua na mafuta ya nazi ili damu itembee.

Godoro ni la sponji na limeshabonyea katikati. Kuna watu wa msikitini wametuletea kiti mwendo, Mungu awalipe, ila hakina mto wowote ni turubai tu. Alafu amegoma kunywa maji, anasema mfuko ukijaa usiku anatusumbua mimi na mama.

Naomba mwenye uzoefu anieleze, hiyo alama ni nini na tufanye nini kabla haijawa kidonda?

---

MwakaWa11KwenyeKiti

Dada pole sana, na mpe pole mdogo wako, mwambie kuna kaka yake Tanga mwaka wa 11 huu yuko kwenye kiti mwendo na anafanya kazi na analea watoto.

Hiyo alama dada ni kidonda tayari, kimeanzia ndani bado hakijatoka nje. Mfupa ukikandamiza nyama muda mrefu damu haipiti, nyama inakufa taratibu kule chini, ngozi ya juu ndo inakuja kuachia mwisho. Kwa hiyo leo hii, sio kesho, asilalie tena hapo. Asilale chali kabisa na asikae kwenye hicho kiti mpaka hiyo alama ipotee. Alale ubavu huu, ubavu ule, na kifudifudi. Na mama aache kusugua, najua anafanya kwa mapenzi yake lakini nyama iliyoanza kuumia ukiisugua unaichana zaidi. Mafuta ya nazi apake sehemu nyingine za ngozi taratibu, hapo pasiguswe.

Nikuambie yaliyonikuta. Mwaka wangu wa pili baada ya ajali ya bodaboda nilikuwa na alama kama hiyo hiyo kwenye tako la kushoto. Tulikuwa na msiba, nikakaa kwenye kiti siku nne kuanzia asubuhi mpaka usiku, napokea wageni, siwezi kuwaacha watu nikalale. Siku ya tano dada yangu ananivua suruali akakuta imelowa na inanuka. Kile kidonda kwa juu kilikuwa kidogo, kidole kimoja, ila daktari alipoingiza kifaa kikaenda mpaka mfupa. Nililala kifudifudi miezi 8. Nimekula kifudifudi, nimesali kifudifudi, mwanangu alijifunza kutembea mimi namuangalia kwa chini ya kitanda. Siku nne zile zilinigharimu miezi 8 na genge langu lote, ndo maana nakuandikia kirefu.

Akishapona akirudi kwenye kiti, kwanza mto. Hicho kiti bila mto ni hatari kwake. Nenda kwa wanaouza magodoro uombe kipande cha sponji ngumu, ile ukibonyeza na ngumi haigusi chini, unene kama sentimita 10, kikatwe sawa na kiti, kivalishe kitambaa cha pamba. Kikibonyea unabadilisha. Msije mkamkalisha kwenye tyubu ya gari ile duara, watu wanadhani inasaidia kumbe inakaba damu kuzunguka lile tundu. Ila kipande cha sponji ni cha kuanzia tu, mkipata nafasi mpelekeni hospitali ya CCBRT Msasani, Dar, wampime kiti na mto wa saizi yake, kiti kisicho chako kinakupindisha mgongo.

Pili, kila nusu saa akiwa amekaa ainame mbele kifua kiguse mapaja, ahesabu dakika mbili, au aegemee upande mmoja kisha mwingine. Wengine tunajiinua kwa mikono lakini kujiinua sekunde kumi tu damu inakuwa haijarudi, na mabega yanakufa mapema.

Tatu na hili ndo kubwa, mpe kioo. Kioo cha kunyolea chenye mpini, ajiangalie mwenyewe asubuhi na jioni, makalio, nyonga, visigino, vifundo vya miguu. Msimkagulie nyinyi milele. Ngozi ni yake, yeye ndo atakaa nayo miaka 40 ijayo inshallah.

---

Mzee_wa_Gongo la Mboto

Mimi shangazi yangu alipata kiharusi tukamwagia hiyo rangi mbili kidonda kikakauka. Jaribuni tu haina madhara.

---

NesiZamuYaUsiku

Mzee wangu shikamoo, naomba nitofautiane na wewe kwa heshima. Unga wa kapsuli unatengeneza ganda juu, ukiangalia unaona pamekauka, chini ya ganda usaha unaendelea kula nyama. Nimefungua maganda ya hivyo mengi sana wodini. Na zile dawa zilitengenezwa zimezwe kwa dozi, kuzimwaga kwenye kidonda kunafundisha wadudu kuzizoea. Spiriti nayo inaua hata nyama mpya inayoota, na majivu, dawa ya meno, unga wa betri, vyote hivyo tuviache.

Dada, ngozi haijachubuka, kwa hiyo haihitaji dawa yoyote. Inahitaji kupumzishwa. Osha kwa maji na sabuni ya kawaida, kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini bila kusugua, asikae na unyevu. Ikichubuka au ikatoa malengelenge nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Chakula pia, nyama haioti kutokana na ugali na chai, apate maharage, dagaa, mayai, karanga, kila siku kimojawapo, na matunda.

Sasa nije kwenye mkojo maana hapo ndo nimeogopa zaidi kuliko hiyo alama. Kukataa maji ni kosa wanalofanya karibu wagonjwa wangu wote wa mgongo, na wote sababu ni hiyo hiyo, huruma kwa wanaowahudumia. Mkojo ukiwa mzito mpira unaziba, mawe yanajitengeneza kwenye kibofu, wadudu wanapanda mpaka kwenye figo. Anywe kama lita 2 kwa siku, nyingi asubuhi mpaka alasiri, jioni apunguze. Mfuko ukae chini kuliko kibofu muda wote, hata mnapomhamisha, usiwekwe juu ya kitanda maana mkojo unarudi ndani na kila kilichomo. Usiburuzike sakafuni. Mpira ufungwe pajani usivutike. Mnawe mikono kabla na baada ya kumwaga. Na muulize siku ya kliniki mpira ulibadilishwa lini, tarehe muiandike kwenye daftari, kwa kawaida ni kama wiki nne, hamtakiwi kusubiri uzibe ndo mkimbie.

Alafu swali muhimu la kumuuliza daktari: je anaweza kufundishwa kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira wa kuingiza na kutoa? Kijana wa miaka 26 mwenye mikono mizima anafundishika. Kila saa nne mpaka sita anaingiza, anatoa, anaendelea na shughuli zake, kibofu kisizidi nusu lita. Maambukizi yanapungua sana ukilinganisha na kukaa na mpira mwaka mzima. Watu wengi hawaambiwi kwamba hii njia ipo.

Dalili za kukimbilia hospitali: homa na kutetemeka, mkojo wenye damu, mkojo kutotoka kabisa wakati anakunywa. Mkojo kuwa na mawingu kidogo bila homa wala dalili nyingine sio lazima dawa, mtu mwenye mpira karibu kila ukipima utakuta bakteria, tusimmezeshe antibayotiki kila mwezi zikaja kukosa nguvu siku anayozihitaji. Na kila mwaka, hata akiwa mzima kabisa, apigwe ultrasaundi ya figo na kibofu na apimwe damu ya figo. Figo zinaharibika kimya kimya.

---

DadaMkuu_Mkuranga

Asanteni sana jamani, nimemsomea yote na yeye anasikiliza. Kile kisa cha kaka wa Tanga amekirudia kukisoma mwenyewe kwenye simu.

Mama nimemuelewesha ameacha kusugua, kwanza alilia akidhani yeye ndo amesababisha.

Nina swali. Nimesoma sehemu kwamba unabonyeza na kidole ukiachia pakiwa pekundu ndo kidonda. Sisi ni weusi na mdogo wangu ni mweusi hasa, sioni wekundu wowote. Na la pili, usiku tuko wawili tu mimi na mama, mama mgongo unamuuma, tunamgeuza vipi bila kumburuza?

---

MkeWaBaharia

Mdogo wangu swali zuri, hilo la rangi nimelipata kwa machungu. Mume wangu ni mweusi pia, alivunjika shingo kwa kupiga mbizi maji mafupi, mwaka wa sita sasa namtunza. Kwa ngozi zetu usitafute wekundu, utakuta umechelewa. Tafuta tofauti. Weka mgongo wa kiganja hapo alafu weka pembeni yake, pana joto zaidi? Au pa baridi? Bonyeza taratibu, pagumu kuliko kwingine au panabonyea kama embe lililoiva sana? Pana rangi nzito zaidi, zambarau, panang'aa? Ukipata hata kimoja, hapo hapalaliwi mpaka parudi sawa na majirani zake. Na uangalie kwenye mwanga wa mchana mlangoni, taa ya ndani inadanganya.

Kugeuza: tandika khanga iliyokunjwa mara mbili chini yake kuanzia mabegani mpaka mapajani. Wewe upande huu mama upande ule, shikeni pindo, moja mbili tatu mnanyanyua kidogo mnahamisha. Hakuna kuburuza, ngozi ikiburuzwa inachanika kwa ndani huku nyama imebaki nyuma. Hata shuka likiwa na mkunjo ukalaliwa usiku kucha asubuhi unaukuta umejichora mwilini, kwa hiyo nyoosheni shuka kila mkigeuza. Msimlaze ubavu moja kwa moja kama kisu maana mfupa wa nyonga nao unaumia, muegemezeni nusu, mto mgongoni, mto mwingine katikati ya magoti, na visigino vining'inie hewani, unaweka mto chini ya ndama za miguu. Mito ya sufi inafaa, na nguo za zamani zikikunjwa vizuri kwenye foronya zinafaa pia.

Ratiba yangu ilikuwa kila saa mbili, simu inalia saa 3 usiku, saa 5, saa 7, saa 9, ya saa 11 inaendana na swala. Mwezi wa kwanza nilikuwa natembea kama mlevi kwa usingizi. Kilichotuokoa ni kifudifudi. Tulianza nusu saa, tukaongeza taratibu tukiangalia ngozi, mpaka akaweza kulala hivyo saa nne na zaidi bila alama, mito chini ya kifua na mapaja, vidole vya miguu visiguse godoro. Kwa kuwa mdogo wako pumzi na mikono ni mizima atazoea haraka, na ataweza kujigeuza mwenyewe mkimfungia kamba imara ukingoni mwa kitanda ya kushika. Godoro lililobonyea geuzeni juu chini leo, mkipata hela badilisheni.

Vitu vya moto pia, nimesahau karibu. Hahisi miguu, kwa hiyo asipakate sufuria wala sahani ya moto, asioge maji ambayo hajayapima kwa kiwiko, asikae karibu na jiko, kiti mwendo kikiachwa juani vyuma na turubai vinaunguza. Simu na waleti asiweke mfuko wa nyuma, na jinzi zenye vifungo nyuma agawe.

Na wanaosoma huku ambao mgonjwa wao ameumia juu, shingo au kifuani kuanzia pingili ya 6 kwenda juu (wa dada yuko chini ya hapo): mgonjwa akipata kichwa kuuma ghafla kwa nguvu, jasho na wekundu usoni, presha imepanda juu, hiyo ni dharura. Mkalishe wima, miguu ishuke, legeza nguo, angalia mpira wa mkojo kama umejikunja au umeziba, mara nyingi ni kibofu kimejaa au choo kimeganda. Isipotulia upesi hospitali. Sisi tulikwenda nayo zahanati, yule mhudumu alikuwa haijui, akatupa panado. Nilikuwa nimepata maelezo yake kwa mgonjwa mwenzetu ndo nikamuangalia mpira mwenyewe, nikakuta ameukalia.

---

Kibiriti_Ngoma

Hiyo ya kila saa mbili ina historia ndefu. Zamani mtu akivunjika uti wa mgongo hata huko Ulaya walikuwa wanamuona wa kufa tu, vidonda na maambukizi ya mkojo vinammaliza mapema. Mwaka 1944 wakati wa vita daktari Ludwig Guttmann akapewa wodi ya waliopooza pale Stoke Mandeville Uingereza, akalazimisha wagonjwa wageuzwe kila saa mbili usiku na mchana, na mkojo uangaliwe kwa usafi. Watu wakaacha kufa, ikabidi waanze kutafutiwa kazi na michezo, mashindano ya kurusha mishale aliyoyaanzisha pale 1948 ndo yakaja kuzaa Paralimpiki. Uti haukuwa na dawa wakati ule na sasa hivi bado. Kijana wenu akishaacha kulalia hapo pabaya muanze kumtafutia na la kufanya.

---

BintiWaPolio

Nimefuatilia mwanzo mpaka mwisho na nashukuru kwa mnaoandika haya. Nataka niongeze kitu ambacho kinasahaulika, kwamba mtu mwenye ulemavu anaugua na mengine yote. Ukishakuwa kwenye kiti kila anayekuangalia anaona miguu. Nikienda na kikohozi naulizwa miguu ilianza lini.

Mimi nina miaka 38, nilipata polio utotoni. Mwaka juzi nilikwenda kupima saratani ya mlango wa kizazi, kile kipimo cha siki wanachofanyia wanawake wa miaka 30 mpaka 50. Kituo sikitaji. Dada wa mapokezi akaniuliza mbele za watu, "kwani na wewe una mume?" Nina mume na watoto wawili. Alafu kitanda kilikuwa kirefu hakishuki, wakasema hakuna wa kuninyanyua, nirudi siku nyingine. Nikarudi nyumbani nimenyamaza. Nilikaa miezi mingi bila kurudi mahali popote, na huo ndo muda ugonjwa unautaka.

Mara ya pili nilipiga simu kwanza kituo kingine, nikaeleza natumia kiti, nahitaji watu wawili, miguu haitanuki kama ya wengine. Nesi akaniambia njoo Jumatano mapema. Akanilaza ubavu, akapima hivyo hivyo, dakika chache tukamaliza. Kumbe inawezekana siku zote.

Shirika la Afya Duniani walitoa ripoti 2022 wakasema watu wenye ulemavu duniani ni bilioni 1.3, na baadhi yetu tunakufa mpaka miaka 20 mapema kuliko wengine, na sehemu kubwa ni kwa vitu vinavyozuilika, sio ulemavu wenyewe. Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu ipo tangu 2010 na inagusa huduma za afya. Kwa hiyo dada, mdogo wako mwakani apimwe presha, sukari, VVU kama kijana yeyote, na meno aangaliwe. Na kuhusu mambo ya ndoa na watoto asione aibu kumuuliza daktari, watamwambia zipo njia. Mpeni nafasi aingie chumbani peke yake, nyinyi mkae nje.

---

MamaMapacha_Kilwa

Dada BintiWaPolio nimekusoma nimekumbuka mwanangu. Mmoja wa mapacha wangu ni kiziwi, alikuwa hajaanza shule, chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ikaja shuleni mwenzake akachanjwa yeye hapana, hakuna aliyekuja nyumbani kuuliza. Niligundua mwenyewe. Ilianza 2018 kwa wasichana wa miaka 14, 2024 ikawa miaka 9 hadi 14 na dozi moja tu, nikampeleka kituo cha afya akachanjwa. Wenye mabinti waliobaki nyumbani kwa ulemavu tafadhali msisubiri shule.

---

DadaMkuu_Mkuranga

Wapendwa nimerudi, leo siku ya tisa.

Ile alama imefifia, asubuhi hii nimeweka mgongo wa kiganja kama dada MkeWaBaharia alivyosema, joto limekuwa sawa na pembeni, kwa katikati bado pagumu kidogo kama punje ya hindi. Bado halalii hapo. Kifudifudi amefika saa mbili na nusu. Kaka yetu mkubwa amefunga kamba ya katani kwenye nguzo ya kitanda, jana usiku simu ikalia saa 7 nikaenda nikakuta ameshajigeuza mwenyewe, akaniambia dada kalale.

Maji anakunywa, tumemuwekea chupa ya lita moja na nusu na glasi pembeni anajihesabia. Kioo nimenunua sokoni. Kliniki ni tarehe 14, nimeandika kwenye daftari maswali matatu, la kujitoa mkojo mwenyewe, la ultrasaundi ya figo, na la tatu ameliandika yeye akafunika kwa mkono nisilisome.

Kaka wa Tanga, sponji ngumu nimepata Mbagala ila wana unene wa sentimita 8 tu. Niunganishe mbili au nisubiri ya 10?

---

MwakaWa11KwenyeKiti

Alhamdulillah. Usiunganishe mbili dada, 16 itamuinua sana miguu itaning'inia na hatafikia magurudumu vizuri. Chukua ya 8 kama ni ngumu kweli, fanya jaribio hili: akae, wewe ingiza kiganja chini ya mfupa wa tako, kikiwa na nafasi ya kama sentimita mbili na nusu ya sponji chini ya kiganja chako inatosha kwa kuanzia. Mfupa ukigusa kiganja na kiganja kikagusa turubai usimkalishe. Na siku ya kwanza akae nusu saa tu, mrudishe kitandani, kioo, mwangalie, kesho mnaongeza dakika 15.

Mpe namba yangu nakutumia inboksi, anipigie muda wowote, hata hilo swali la tatu.